Mkanda wa taa za LED unabanduka kwenye fremu ya miche, niufunge vipi?

MwangaKigoma: Wakuu, mwakeye. Nina fremu ya mbao niliyoigonga mwenyewe, futi nne kwa mbili, inaning'inia stoo juu ya trei za miche ya hoho na nyanya. Msiniulize kwa nini taa wakati Kigoma jua lipo: uwanja ni wa mwenye nyumba, na kuku wake hawana adabu. Nimebandika mkanda wa volti 12, roli ya mita 5, chipu 5050 (vitaa vya milimita 5 kwa 5), mistari minne. Asubuhi uko sawa. Ikifika alasiri umeshapata moto, unaachia mbao mpaka unalalia majani. Gundi ya bunduki nayo imelainika. Nifanyeje bila kuunguza stoo ya watu?

Kijana_Ujiji: Supagluu mkuu, umemaliza.

FundiIpuli: Supagluu hapana. Inakauka ngumu, joto likipanda inapasuka, na siku ya kuuhamisha mkanda utang'oka na shaba yake.

Mimi nafunga madirisha ya alumini hapa Tabora, na ninachokiona kwako ni mbao. Mkanda huo, kama una LED 60 kwa mita, unakula wati 14 hivi kila mita. Roli nzima ni kama wati 72, na sehemu kubwa inageuka joto. Mbao hailipitishi, kwa hiyo linabaki palepale kwenye gundi. Nenda kwa fundi yeyote wa madirisha umwombe vipande vilivyobaki, bapa au vya umbo la U. Huwa tunavirundika kona vikisubiri watu wa chuma chakavu, hatakubania. Vipige skrubu kwenye mbao, futa kwa spiriti, usiviguse tena kwa vidole, ndipo ubandike. Halafu kila shubiri moja zungusha kebo tai nyembamba (kile kifungo cha plastiki cha kubania nyaya), ipite kati ya LED na LED, isikazwe mpaka mkanda ukunjike. Hapo hata gundi ikichoka, mkanda hauendi popote.

Kwenye kona usiukunje. Kata penye alama, uunganishe kwa waya. Chini ya kila kiungo ulicholehemu kwa risasi weka selotepu ya umeme, maana alumini ikigusa chanya na hasi kwa pamoja ni shoti.

MwangaKigoma: Shukrani fundi. Ila wangu umevikwa ule mpira wa silikoni wa kuzuia maji. Bado utashika?

FundiIpuli: Sasa hilo ndilo la kuanza nalo ndugu yangu! Mpira huo haukubali gundi za kawaida. Alumini weka vilevile kwa ajili ya joto, ila ufunge kwa kebo tai au vibanio vya plastiki vyenye tundu la skrubu. Ukitaka silikoni ya tyubu, inashika, lakini iache ile inayonuka siki, asidi yake inakula shaba.

MamaMiche_Gungu: Adapta yako ni ya ampea ngapi? Roli hiyo inavuta 6, kwa hiyo chukua ya 8 au 10. Na kila mstari upeleke waya wake kutoka kwenye adapta, la sivyo wa mwisho utafifia na miche ya upande huo itarefuka kutafuta mwanga. Adapta yenyewe ipigilie ukutani, mbali na kopo la kumwagilia.

Kijana_Ujiji: Haya, supagluu nimeiondoa mezani. Hizo kuku zinauzwa?