Tupeane uzoefu: mwanagenzi akiingia karakana, wiki ya kwanza unamshikisha nini?

Mzee wa Jiliwa
Wakuu, habari za kazi. Msimu wa field (mafunzo kwa vitendo kazini) umefika, vijana wa VETA (vyuo vya ufundi stadi) na vyuo vingine wanaripoti viwandani na barua zao na logbuku (daftari za kumbukumbu za kazi) ambazo hazijaandikwa hata mstari. Wiki nane zinaisha upesi, na wengi wataondoka wanachojua ni kuagizwa chai. Sisi tulio karakana za matengenezo, tuambizane huyu kijana unaanza naye wapi. Semeni kazi zenyewe na vipimo vyake.

Mimi nasema jiliwa (kibano cha mezani) na tupa. Bapa la chuma laini la unene wa milimita 10, alikate kwa msumeno kipande cha 52 kwa 52, kisha alipige tupa mpaka 50 kwa 50, pembe zote mraba. Kabla hajaanza, pima urefu wa jiliwa: taya zake ziwe usawa wa kiwiko chake. Ikiwa juu zaidi atatumia nguvu za mikono tu, ikiwa chini mgongo utauma na upande mmoja wa chuma utaliwa kuliko mwingine. Tupa inakata ikienda mbele, ikirudi, alegeze. Apake chaki kwenye meno ili unga wa chuma usikwame ukachora mikwaruzo. Halafu aweke mraba (kifaa cha kukagulia pembe), anyanyue kipande kwenye mwanga wa dirisha. Mwanga ukipenya katikati ya mraba na chuma, kazi bado.

Wiki mbili hivyo. Mashine baadaye.

Kisu cha HSS
Wiki mbili za tupa katika wiki nane ni robo ya muda wake, mkuu. Tupa ameshaipiga chuoni. Huku kaja kuona mashine ambazo chuo hakina.

Dada Maikromita
Kabla hamjabishana kuhusu tupa, hakikisheni anajua kupima. Toeni shafti tano za zamani, mzipe namba, kila kijana apime peke yake na aandike kwenye karatasi yake, kisha karatasi zilinganishwe. Makosa yatajitokeza yenyewe, na karibu yote ni haya: vernia (kipimo chenye taya) haikufungwa kwanza kuangalia kama sifuri inakaa kwenye sifuri, anabana shafti kwa ncha nyembamba za taya, anaikaza kama spana.

Maikromita ina kosa lake moja kubwa, nalo ni mstari wa nusu milimita. Mstari wa 7 unaonekana, ngoma inasoma 28, kijana anaandika 7.28. Haoni kwamba mstari mdogo wa upande wa pili umeshachomoza kwenye ukingo wa ngoma, kwa hiyo jibu ni 7.78. Nusu milimita kwenye kikao cha beringi maana yake shafti inakwenda kwenye skrepu. Mshike kidole, mwekee kwenye huo mstari, mwambie auguse kila anaposoma mpaka aache kuusahau.

Bapa na Bolti
Hapo kwenye nusu milimita nakazia. Hata mafundi wenye vyeti wanaukosa.

Kisu cha HSS
Narudi kwenye mashine. Siku ya tatu anaweza kusimama kwenye mashine ya kukereza, ila somo la kwanza ni KUISIMAMISHA. Chaku (kibano kinachozunguka na kazi) iwe tupu, mwendo wa chini kabisa, awashe na kuzima mara ishirini huku macho yako kwenye chaku, mpaka mkono uijue njia ya swichi nyekundu bila kuitafuta.

Baada ya hapo hesabu ya mwendo. Msimpe namba, apige mwenyewe: 1000 mara kasi ya kukata, gawanya kwa 3.14 mara kipenyo. Chuma laini na kisu cha HSS (chuma kigumu cha kukatia), chukua mita 25 kwa dakika. Kipenyo cha milimita 40 kinatoa mizunguko 199 kwa dakika, kwa hiyo anachagua gia iliyo karibu na 200, na kama hakuna, ya chini yake. Kipenyo kikishuka hadi 20, mizunguko inakuwa 398. Mwulize kwa nini imeongezeka. Akijibu "kwa sababu kanuni inasema hivyo", bado hajaelewa, mrudishe.

Ncha ya kisu iwe kwenye kimo cha kitovu cha kazi inayozunguka. Anaposawazisha uso wa chuma, kikibaki kichuguu kidogo katikati, kisu hakiko kwenye kimo. Mwacheni akione hicho kichuguu kabla hamjamweleza.

Chuma Laini Kinatosha
Wakuu, naomba mlisome hili taratibu.

Karakana moja ya kiwanda, jina naliweka kando. Kijana wa field, wiki ya tatu, alikuwa anafunga shafti ya milimita 40 kwenye chaku ya taya tatu. Ufunguo wa chaku uko ndani ya tundu, anakaza. Msimamizi wake akamwita kutoka kwenye presi: "Hebu njoo unishikie hii." Kijana akaacha ufunguo palepale, akaenda, akashika, akakaa kama dakika kumi. Aliporudi, msimamizi akamsindikiza na sauti ya "haraka, hiyo shafti inasubiriwa". Akashusha mkono wa kuwashia. Mashine ilikuwa kwenye mizunguko karibu 500.

Ufunguo ulizunguka nusu duara, ukapiga kitanda cha mashine, ukageuka, ukampiga kwenye kifundo cha mkono uleule ulioshika mkono wa kuwashia. Kisha ukaruka juu ya mashine ya jirani, ukatua kwenye kabati la visu na kuacha bonde kwenye bati. Mfupa ulivunjika. Ripoti ikaandikwa "uzembe wa mwanafunzi", field ikaishia hapo, na chuoni akapelekwa na barua inayomlaumu.

Barua hiyo iliniuma kuliko kifundo. Anayefunga kazi kwenye chaku haitwi. Ukimkatiza fundi wa miaka ishirini atakumbuka alipoishia, kwa sababu mikono yake inakumbuka. Mwanagenzi hana kumbukumbu hiyo bado. Uzembe ulikuwa kwenye ule mwito.

Bapa na Bolti
Pole yake jamani. Amepona? Mkono unafanya kazi?

Nyundo Gramu 500
Pole kwa kijana, lakini ukweli usemwe: sheria ya ufunguo inafundishwa chuoni siku ya kwanza. Tukibeba kila kosa la kijana, lini atajifunza kuwajibika?

Chuma Laini Kinatosha
@Bapa na Bolti alifungwa plasta, akarudi chuoni muhula uliofuata.
@Nyundo, sheria ya kusomwa darasani na sheria iliyoingia mkononi ni vitu viwili. Kazi ya msimamizi ni kuitoa darasani na kuifikisha mkononi.

Nyundo Gramu 500
Sawa, lakini na yeye alikuwa na macho.

Dada Maikromita
Kaka Nyundo, macho yalikuwa kwa aliyemwambia "haraka". Tuachie hapo, tuweke kinga: kabla ya kuwasha, mwanagenzi aseme kwa sauti, "ufunguo nje, kisu mbali, kinga imeshuka". Msimamizi asikie. Wiki nzima ya kwanza, bila aibu.

Na mavazi. Glavu haziruhusiwi mbele ya kitu kinachozunguka, drili ikiwemo. Kitambaa kikinaswa mkono unafuata. Mabinti wapewe ovaroli za saizi yao. Mnawapa za wanaume, mikono inaning'inia, kisha mnasema wasichana hawafai mashine. Hijabu iwe fupi na ncha zake ziingie ndani ya kola, nywele ndani ya kofia, na pawe na chumba cha kubadilishia chenye komeo.

Fundi wa Athi River
Huku Kenya mambo ni yaleyale, tunawaita watu wa attachment. Wengi wanataka kufanya Grade Test (mtihani wa ufundi) ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, baadaye, kwa hivyo nawapendekezea kukata thredi kwa mkono mapema. Kwa thredi ya M6 (kipenyo milimita 6) toboa 5.0, M8 toboa 6.8, M10 toboa 8.5, M12 toboa 10.2. Tapu (kifaa cha kukatia thredi ndani ya tundu) ya kwanza iingie wima, ikaguliwe kwa mraba pande mbili baada ya mizunguko miwili. Zungusha nusu mbele, robo nyuma ili chipsi zikatike, na mafuta. Tapu zinavunjika kwa sababu tatu: tundu dogo, tapu imelala, au kijana anashika mpini upande mmoja.

Mzee wa Jiliwa
Ahsante Athi River. Naongeza grenda: pengo kati ya jiwe na kiti cha kuegemezea kazi lisizidi milimita 3, na kila jiwe linapolika, kiti kisogezwe. Aluminiamu isiguswe pale, inaziba jiwe.

Kuhusu wiki mbili za tupa nimesikia. Wiki moja, kama vipimo vyake vinakubali.

Kisu cha HSS
Hapo tumekutana, mzee.

Karani wa Logbuku
Wasimamizi, sainini kila Ijumaa. Ukurasa usiandikwe "nilisaidia matengenezo". Uandikwe: tulibadilisha beringi 6205 ya pampu, tuliipasha moto isizidi nyuzi 110, ikaingia kwenye shafti bila nyundo. Mkaguzi wa chuo akisoma hivyo ana la kumwuliza kijana. Na nauli jamani. Kijana aliyetembea kilomita sita bila kifungua kinywa, saa tano mikono inatetemeka kwenye drili.

Bapa na Bolti
Swali: kuna funguo za chaku zenye springi, zinazojitoa zenyewe. Tunaweza kutengeneza?

Kisu cha HSS
Inawezekana. Tafuta springi ya kusukuma inayopita juu ya ncha ya mraba, iegemee bega la ufunguo upande wa juu. Chini yake weka wesha inayoteleza kwenye mraba. Ukiachia mkono, springi inausukuma ufunguo nje na unaanguka. Wesha iwe kubwa kuliko tundu la chaku, la sivyo inazama ndani na ufunguo unabaki ulipokuwa. Na springi ikichoka ibadilisheni, msimwachie kijana aikaze kwa waya.