Chuo kimeuza majarida ya tiba kwa kilo, jana nimefungiwa karanga

Wakuu, mods msiupeleke uzi huu jukwaa la vichekesho. Nina hasira kweli.

Jana jioni nilishuka Mwaloni Kirumba kutafuta dagaa, nikanunua karanga za shilingi 500. Kufungua kikaratasi, naona jedwali la wagonjwa kwa Kiingereza, na pembeni muhuri wa maktaba ya chuo nilichosoma! Namuuliza mama muuzaji, ananijibu, "Mwanangu, tunapimiwa kwa kilo, kuna kijana analeta na mkokoteni." Nikanunua karanga zote zilizobaki. Tumbo linauma mpaka sasa.

Leo nimeenda chuoni. Mhusika bila hata kuinua uso: "Stoo ilijaa, na siku hizi kila kitu kipo mtandaoni."

Mtandaoni wapi? Chuo hakijalipia. Ukibofya unapewa muhtasari wa aya moja, kinachofuata ni dola. Mimi tabibu wa zahanati dola natoa wapi? Na msiniletee habari za PLoS Biology, jarida la sayansi la kusoma bure mtandaoni, hilo limeanza 2003. Tafiti za nyuma ya hapo humo sitazipata.

Rafu ya maktaba yetu ilikuwa na The Lancet, jarida la tiba la Uingereza, za miaka ya 90. Ya Agosti 1995 ina utafiti wa hapahapa kwetu: jamii 12 za vijijini mkoa wa Mwanza, 6 ziliboreshewa tiba ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vyao, 6 zikasubiri. Miaka miwili baadaye, kwenye tiba bora maambukizi mapya ya VVU yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40. Damu iliyopimwa ni ya wazazi wetu, halafu mtu anaita uchafu wa stoo?

Jarida lenyewe lilizaliwa kwa ugomvi. Thomas Wakley, daktari wa upasuaji wa London, alilianzisha 1823 akiwaandama wakubwa wa hospitali waliopeana vyeo kindugu. Alipoanika operesheni ya jiwe la kibofu iliyochukua karibu saa nzima na mgonjwa akafa, mpasuaji Bransby Cooper, mtoto wa kaka yake bingwa Astley Cooper, alimburuza mahakamani. Wakley akatozwa pauni 100 mwaka 1828, na hakunyamaza. Sasa mimi ninyamaze kwa ajili ya mtu wa stoo?

Yule kijana wa mkokoteni, mkimwona Kirumba au Mabatini, mwambieni nanunua mara mbili ya bei ya wauza karanga.