Tupeane uzoefu: usingelelewa kwenye dini kali, saivi ungekuwa nani?

Wadau habari zenu. Kuna swali linanisumbua, hasa nikikaa na wafanyakazi wenzangu wakaanza kukumbushana utoto, katuni walizoangalia, nyimbo walizocheza, sherehe za kuzaliwa, mi nakaa natabasamu tu maana hamna hata kimoja ninachokijua. Kwetu ilikuwa ibada katikati ya wiki, ibada wikiendi, na siku zilizobaki ni kujiandaa na ibada. Rafiki wa shule alikuwa wa shule tu, akija nyumbani anaulizwa kwanza anasali wapi.

Sijaja kutukana dini ya mtu, na wanaotaka kubishana kama Mungu yupo watafute pa kubishania. Ninachouliza ni hivi, ukifumba macho ukajiona umekulia nyumba nyingine, wazazi walewale ila dini wanaichukulia kawaida, unamuona nani? Naanza mimi. Namuona mtu anayeweza kuchagua. Mi hata menyu ikiwa ndefu natoka jasho, maana mpaka nakuwa mtu mzima nguo, nywele, marafiki, kozi ya kusoma, mchumba, vyote vilikuwa na jibu tayari, na ukiuliza tu ushakuwa na roho ya uasi. Yule mwenzangu namuona kavaa ovyo, kapenda asiyependeka, kaachwa, kalia, kaendelea na maisha, yote hayo kabla ya miaka 25. Mi ujana naufanya saivi na mvi zimeshaanza, watu wananishangaa.

Karibuni.

penseli_2B

Kwetu kuchora chenye roho ilikuwa marufuku. Ua sawa, mti sawa, mlima sawa. Mtu, ndege, paka, hapana. Nilikuwa na daftari nachora sura za watu, mtu akikaa dakika chache tu nshampata, sasa ustadhi akaja kuliona. Hakunichapa kwa kweli. Alichukua rula na kalamu nyekundu akapiga mstari shingoni kwa kila mtu, ukurasa baada ya ukurasa, taratibu, kichwa kitengane na mwili ili isihesabike kuwa ina roho, akimaliza mmoja anapuliza wino ukauke ndo anafunua mwingine. Af akanirudishia akasema sasa inafaa. Mdogo wangu alikuwemo humo.

Saivi nachora ramani za majengo, kazi inanilisha vizuri tu. Bosi huwa anasema michoro yako safi lakini weka watu bwana, wateja wanapenda kuona watu wanapanda ngazi, basi naweka vile vivuli vya tayari vya kwenye programu. Kuchora mwenyewe mkono hautaki.

Baadaye nikaja kusoma kwamba kuna vitabu vya Waajemi na vya Waturuki wa Uthmaniya vimejaa picha za watu, wamechora Waislamu, wamechorewa masultani wa Kiislamu, karne na karne. Sijui kama ustadhi alikuwa na habari. Kwa hiyo mi simuwazi yule asiyelelewa kwenye dini, namuwaza yule aliyelelewa kwenye dini hiihii na mwalimu mwingine.

winga_wa_kushoto

Daah pole sana dada. Mi yangu ni mpira. Mechi zote za vijana Jumamosi, na kwetu jua likizama Ijumaa mpaka lizame Jumamosi hamna kazi hamna mchezo, hata viatu vinapigwa kiwi mapema. Nikilalamika naletewa habari ya Eric Liddell, yule Mskoti aliyekataa kukimbia mita 100 Olimpiki ya Paris 1924 kwa sababu mchujo uliangukia Jumapili, akaingia 400 akachukua dhahabu. Siku yenyewe aliyoilinda haikuwa hata yetu lakini wazee waliisimulia utadhani walikuwa uwanjani. Ni habari ya kweli na nzuri, sikatai, ila hakuna aliyenisimulia ya yule aliyekataa na hakukuwa na mbio nyingine.

Sisemi ningekuwa staa. Pengine ningesugua benchi mpaka nikome, lakini ningejua uwezo wangu ulipoishia. Saivi sijui, na kwa kuwa sijui naangalia mechi kwenye tivii nikijiona ningefanya vizuri kuliko wote, mke wangu ndo anayepata tabu.

kesho_ipo

Nyinyi mlikatazwa vitu, sisi tuliambiwa havina haja maana mwisho umefika. Chuo cha nini, akiba ya nini. Wazazi hawakuwa wazembe, waliamini kweli, na mtu anayeamini kweli hanunui kiwanja. Mi nikiwa mdogo nikiamka nyumba iko kimya najua washanyakuliwa nimebaki peke yangu, nakimbia chumba hadi chumba.

Ukubwani nikasoma kuhusu mhubiri William Miller wa Marekani, wafuasi wake walimsubiri Yesu tarehe 22 Oktoba 1844, kuna walioacha hata mazao shambani bila kuvuna, kukakucha kama kawaida. Harold Camping, mhubiri wa redio wa hukohuko Marekani, naye akataja 21 Mei 2011, ikapita, akasogeza hadi Oktoba mwaka huohuo, nayo ikapita. Watu wanawacheka, mi nilishindwa kucheka, nilikuwa nawawaza watoto wao tu, waliporudi shule waliwaambia nini wenzao.

Yule mwenzangu ninayemuwaza anachosha kabisa. Ana bima, anachangia pensheni, meno aliziba mapema. Mi hadi leo nikiambiwa friji ina dhamana ya miaka 10 naona muuzaji ananitania.

mtoto_wa_mzee

Msinirushie mawe. Mi nimelelewa bila dini yoyote, mzee hakuamini chochote, na alikuwa mkali kuliko wote mliowataja hapa. Muziki hapana, marafiki hapana, kuuliza kwa nini ndo usithubutu. Tena nyie angalau mngeweza kumfungulia Biblia mkamwonyesha palipoandikwa "msiwachokoze watoto wenu". Mi ningefungua nini? Ukali ni wa mtu jamani, dini ni koti tu anavaa.

mwanzisha mada

Mkuu nimekuelewa ila nakubali nusu. Mzee wako akitoka nyumbani ulikuwa unapumua. Wa kwetu alikuwa anaona hadi unachowaza.

daftari_jeusi

Hapo mwanzisha mada umemaliza. Naongezea kitu, kuna utafiti wa mapacha kule Minnesota ulitoka 2005, walilinganisha wanaofanana na wasiofanana, wakaona utotoni udini wa mtu unafuata sana nyumba aliyokulia, akishakuwa mtu mzima nyumba inapungua nguvu na ya kuzaliwa nayo yanapanda. Nilivyosoma hiyo nikaishiwa pozi maana miaka yote nawalaumu wazazi. Huenda ningelelewa bila dini ningeitafuta mwenyewe kwa tochi. Nimeacha kusali zamani lakini nilihamia kwenye mazoezi, saa 11 alfajiri niko barabarani, siku nikilala nikapitiliza najisikia nina dhambi mpaka jioni.

soprano

Baba na mama walikutana kwaya. Bila dini mi sipo, swali limeisha.

mwanzisha mada

Hahaha haya wewe umetoka mchezoni.

kipaza_sauti

Mi bado nimo na wala sijutii. Nilianza kusoma neno mbele za watu kabla sijafikia kimo cha maiki, wakaniwekea stuli. Leo kazini ikisemwa fulani awasilishe ripoti wenzangu matumbo yanawauma, mi naona kawaida tu, siwezi kusema hiyo nilijifunzia wapi kwingine. Ila kuna dada yangu, nyumba hiyohiyo, akili kunizidi, yeye hakuwekewa stuli kwa sababu wanawake hawasomi. Jana nikamuuliza swali la hii mada nikitegemea atafakari kidogo, hakutafakari, kajibu palepale: ningekuwa mwanasheria. Sikuwahi kumsikia akitaja sheria hata siku moja.

mwanzisha mada

Aisee. Hilo linauma. Sasa mliokwisha kuwa na watoto mnafanyaje, mnawapeleka au mmewaacha wajichagulie?

penseli_2B

Wangu nampeleka madrasa. Nilikaa na ustadhi kwanza nikamuuliza kuhusu picha, akasema achore tu, mtoto huyo. Wiki ya kwanza nilikaa nyuma ya darasa hata hivyo.

kesho_ipo

Mi wa kwangu kaniuliza dunia itaisha lini, nikamfungulia akaunti benki.

winga_wa_kushoto

Dogo wangu Jumamosi asubuhi anaenda ibada na bibi yake, saa 10 jioni ana mechi. Mama yangu haongei na mimi kuanzia hiyo saa 10 mpaka jua lizame, likishazama tu anapiga simu kuuliza mjukuu kafunga mangapi.