Nani anamkata Mama shilingi 2,340 kila mwezi?

Kikundi cha familia: Nyumbani Jericho

*Jumatatu, 3 Novemba 2025*

Mama: Wanangu, habari za jioni. Ule ujumbe wa benki umeingia tena. Wamekata 2,340. Sijanunua kitu wala sijamtumia mtu.

Wakesho: Tena? Si hata mwezi jana ulilalamika?

Mama: Nilidhani ni ada zao. Leo nimekaa nikarudi nyuma kwenye simu. Oktoba ipo. Septemba ipo. Na pensheni yenyewe mnaijua ilivyo.

Mwakio: Hiyo ni pesa ya unga na mafuta ya mwezi. Inaniuma.

Baba Mdogo: Pole sana shemeji. Mimi nitasema wazi. Kevo alikaa na simu yako likizo yote ya Agosti. Vijana wanaweka kadi ya benki kwenye programu za filamu, halafu inakata yenyewe kila mwezi. Muulizeni.

Kevo: Babu, sijagusa pesa ya Nyanya. Nilimkuzia maandishi ya simu tu ili asome bila miwani.

Mama: Kevo hajawahi kuninyima hata chenji ya maziwa.

Mghoi: Nimetoka kazini ndiyo nasoma. Naomba tusimtaje mtu bado, tafadhali. Mama, je, ni 2,340 kamili kila mwezi, au kuna mwezi inapanda na mwingine inashuka?

Mama: Kamili. Haijabadilika.

Mghoi: Basi hiyo huenda siyo filamu. Baadhi ya zile za nje hulipishwa kwa dola, kwa hiyo shilingi zinazokatwa hucheza na bei ya dola ya siku hiyo. Kiasi kingepanda na kushuka kidogo. Baba Mdogo, kwa heshima, tusimshuku Kevo.

Baba Mdogo: Nimekusikia.

Mghoi: Kesho Mama chukua stetimenti ya miezi sita tawini. Ujumbe wa simu unafupisha mno, hauonyeshi inakoenda.

*Jumanne*

Mama: [picha] Hii hapa. Nimeiweka na kwenye kikundi cha mtaa, labda kuna jirani aliyepatwa na jambo hili.

Mghoi: Mama, ile ya mtaa ifute sasa hivi! Jina lako lote, namba ya akaunti na salio vinaonekana. Mtu anaweza kukupigia akijifanya wa benki, akutajie salio lako la kweli, nawe umwamini. Yeyote atakayekuuliza PIN au namba ya siri iliyoingia kwa ujumbe, kata simu.

Mama: Nimefuta. Mama Njoki alikuwa ameshaiona, lakini huyo ni wetu.

Mghoi: Asante. Sasa tazameni tarehe. Juni 3, Julai 3, halafu Agosti ni 4, halafu tunarudi Septemba 3, Oktoba 3, Novemba 3. Kwa nini Agosti ikaruka?

Mwakio: Tarehe 3 Agosti ilikuwa Jumapili. Tulikuwa kwa Wakesho, ile siku ya ubatizo.

Mghoi: Ndiyo. Malipo ya kupitia mabenki husubiri siku ya kazi. Kadi ingekata hata Jumapili. Kwa hiyo hii ni karatasi iliyosainiwa mahali. Mama, kabla ya kiasi kuna herufi gani?

Mama: DD, halafu herufi tano zisizosomeka kama neno, halafu namba ndefu inayoishia 3078.

Mghoi: DD! Yaani "direct debit". Sikilizeni, kuna mambo mawili watu huyachanganya. Standingi oda ni wewe unaiambia benki yako, kila tarehe fulani mpelekee fulani kiasi hiki. DD ni kinyume chake: anayelipwa ndiye anayevuta, kwa idhini ambayo mwenye akaunti alisaini. Kwa hiyo benki ina nakala ya idhini hiyo au inaweza kuiomba kwa anayevuta. Na ile namba ndefu kwa kawaida ni namba yako wewe mteja kule zinakoenda.

Baba Mdogo: Kwa nini asifunge akaunti tu mambo yaishe?

Mghoi: Pensheni inapitia hapo, Baba Mdogo. Na hata kusimamisha malipo nisingekimbilia. Kama ni mkopo, ataanza kudaiwa na faini juu. Kama ni bima, ukiacha kulipa inaweza kufa na haki zako zote. Tujue kwanza.

Wakesho: Mama, Alhamisi nafunga duka. Tukutane kituo cha basi cha Ambassadeur mjini saa tatu asubuhi, beba kitambulisho.

*Alhamisi*

Wakesho: Tumetoka. Nipeni dakika nikae, Mama analia kidogo. Si vibaya, msishtuke.

Mwakio: Kuna nini???

Wakesho: Dada wa kaunta alitaka kutuambia tupige simu ya huduma. Nikamwomba kwa upole atutolee fomu ya idhini. Akaenda nyuma, akakaa karibu saa nzima, akarudi na nakala. Ni ya Februari 2011. Aliyesaini ni Baba.

Wakesho: Ni saini yake kabisa. Ile M yenye mkia unaorudi chini ya jina lote. Alikuwa akibonyeza kalamu sana, hata kwenye nakala wino umeloa hapo mkia unapoishia. Mama ameshika hiyo karatasi hajaiachia tangu ndani ya benki.

Mghoi: Jamani Baba. Na anayevuta?

Wakesho: Kampuni ya bima. Bima ya maisha. Akaunti ilikuwa yao wawili, yeyote angeweza kusaini, ndiyo maana haikukatika alipofariki.

Mwakio: Baba alituacha Machi 2024. Kuanzia Aprili mpaka juzi ni mara 20. Hiyo ni 46,800 imelipwa juu ya mtu aliyelala Wundanyi.

Mghoi: Kampuni haikujua, hakuna aliyewaambia. Nasi hatukujua kama ipo. Tafuteni hati yenyewe nyumbani, namba iishie 3078.

*Alhamisi usiku*

Mama: Nimeipata. Sanduku la bati, chini ya sare yake ya reli. Bahasha ya kaki, ameandika juu "Mama Wakesho asome". Sikuwahi kulifungua hilo sanduku tangu mazishi. Sikuweza.

Baba Mdogo: Kaka yangu.

Mama: Mnufaika ni mimi. Jina langu lote, na namba ya kitambulisho changu cha zamani.

Mghoi: Mama, lala kwanza. Kesho nitaenda nawe kwenye ofisi yao. Tubebe cheti cha kifo, kibali cha mazishi, vitambulisho vyenu na hiyo hati. Nitaomba kwa maandishi na zile 46,800 zihesabiwe. Wakituzungusha tutaenda kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima. Nimefurahi mno kwamba hatukusimamisha tu na kuishia hapo, tusingeijua bima hii. Pesa za namna hii zikikaa miaka bila mwenyewe kudai, sheria ya Kenya ya 2011 inataka zipelekwe kwa mamlaka ya serikali ya mali zisizodaiwa. Hata huko mtu hudai, lakini ni safari nyingine.

*Ijumaa*

Mghoi: Wamepokea madai, wametugongea muhuri kwenye nakala yetu. Makato yamesimama kuanzia leo, na barua ya kusimamisha nimeipeleka benki pia.

Baba Mdogo: Kevo, mjukuu wangu, nilikutaja mbele ya watu. Nakuomba radhi mbele ya haohao.

Kevo: Yameisha, Babu. Jumamosi nitakuja nikukuzie maandishi na wewe.

Mama: Kevo ukija, pitia kwangu kwanza. Ile bahasha nataka uniwekee kwenye plastiki. Na Mwakio, cheti halisi cha kifo kirudi kwangu, usikikunje.