Tupeane uzoefu: Wanaume, usoni na mwilini mnapaka nini cha asili?

Mwanzisha uzi, Dodoma

Wakuu habari za jioni. Wanaume wengi hili tunalifanya kimyakimya, au tunachota chochote alichoweka mama watoto mezani. Sokoni nako kila kopo siku hizi limechorwa jani na kuandikwa asilia, mtu hujui ushike lipi.

Huku kwetu kuanzia Juni upepo ni mkavu, miguu inapauka na midomo inapasuka. Mimi nimetulia kwenye mafuta ya ubuyu, yale yanayokamuliwa kwenye mbegu. Lakini kilichonisaidia zaidi ni namna ya kupaka. Nikitoka kuoga sijifuti nikakauka kabisa. Napaka matone machache ngozi ikiwa bado na unyevu. Mafuta hayaleti maji, kazi yake ni kuyazuia yasipotee, kwa hiyo ukipaka kwenye ngozi iliyokwisha kukauka unang'aa tu halafu mchana umepauka tena.

Semeni ulipo, ngozi yako ikoje, unatumia nini na ngozi ilikataa nini. Wenye biashara naomba tusigeuze uzi kuwa duka.

Kinyozi wa Tanga

Mkuu umegusa penyewe. Wateja wangu wengi wenye uso mbaya wanalaumu mafuta, nikiwaangalia naona ni wembe. Nywele zetu zimejikunja. Ukizikata chini kabisa, ncha inabaki kali, ikiota inajipinda na kuingia tena kwenye ngozi, ndipo panavimba kidevuni na shingoni. Hakuna asali wala manjano yatakayoondoa vipele hivyo kama kesho unapitisha wembe palepale.

Mimi naanza na kitambaa cha maji ya vuguvugu, nakiacha kidogo hadi ndevu zilainike. Nanyoa kufuata zinakolalia, sivuti ngozi, na mwenye vipele namnyoa kwa mashine nikiacha kama milimita 1. Atalalamika hajatakata, nitamwelewesha. Wazee bado wanaomba jiwe la shabu. Nawakubalia, ila kila mmoja aje na kipande chake, sipitishi jiwe moja kwenye nyuso mbili. Shabu inakaza ngozi na kukata damu ya mkwaruzo, lakini inakausha, kwa hiyo namalizia na jeli ya shubiri isiyo na spiriti wala manukato.

Mwenye vile vipele vigumu vya kisogoni simnyoi upara hata akinibembeleza. Huyo namwambia amwone daktari wa ngozi mapema, kabla havijawa makovu.

Mdau wa Mombasa

Mafuta ya nazi tumelelewa nayo, mwilini sina neno. Usoni ni hadithi nyingine. Joto la huku na unyevu wake, uso wenyewe tayari una mafuta, nikiongeza ya nazi chunusi zinanitoka kwenye paji na mashavuni. Ndugu yangu tumbo moja anapaka hayohayo na uso wake laini kabisa, kwa hiyo usinunue kitu kwa kuwa kimemfaa mwenzako.

Shangazi alinipa liwa, ule mti wenye harufu nzuri. Nasugua kijiti kwenye jiwe kwa maji ya mawaridi hadi nipate uji mzito, napaka usiku, nanawa. Inanipoza, hasa vipele vya joto. Vijana wanasema liwa ni ya bibi harusi. Waacheni waseme.

Kijana wa Mbagala

Mimi nina madoa ya chunusi. Nimeambiwa nipake ndimu asubuhi kabla ya kutoka. Kuna aliyejaribu?

Dada mfamasia, Morogoro

Kaka yangu, usithubutu. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi ukatoka juani, unaweza kuungua hadi malengelenge, kisha likabaki doa jeusi kuliko la mwanzo. Kitu kuwa cha asili hakukifanyi kiwe cha upole. Hata mafuta ya karafuu yanachoma yasipochanganywa na mafuta mengine.

Kaka zangu, geuzeni kopo msome nyuma. Viungo huandikwa kuanzia kilicho kingi. Shea, yale mafuta mazito ya kokwa za mti wa shea, kwenye lebo huitwa Butyrospermum parkii; ukilikuta jina hilo mwishoni kabisa, nyuma ya manukato, picha ya shea hapo mbele ni pambo. Na krimu yoyote inayoahidi kung'arisha uso ndani ya siku chache, angalieni kwenye lebo kama ina haidrokwinoni (kemikali ya kuchubua ngozi), clobetasol (dawa kali ya steroidi), au zebaki ambayo mara nyingine huandikwa calomel. Ukiona kimojawapo, rudisha dukani. Huo ni mkorogo hata ukiuzwa kwa jina la mwanaume. Kwa Tanzania vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango (TBS) tangu 2019, bidhaa yenye shaka itolee taarifa huko.

Kipya chochote, paka kidogo ndani ya mkono karibu na kiwiko, usubiri siku mbili. Kukiwasha, uso wako umepona.

Fundi niliyeko Gulu

Nachomelea vyuma, mikono yangu ilikuwa inapasuka mpaka damu. Huku kaskazini mwa Uganda kuna shea yao, ni laini kuliko ya Afrika Magharibi, ukiishika kiganjani inayeyuka. Napaka nene usiku na kuvaa soksi kuukuu mikononi. Vidole sasa vinakunjika bila maumivu. Isiyosafishwa ina harufu, mke wangu ameizoea.

Mwanzisha uzi, Dodoma

Dada mfamasia, ubarikiwe. Nimegeuza makopo yote ya humu ndani, mawili yametoka. Kijana wa Mbagala, umesoma lakini? Ndimu weka kwenye supu.

Sasa naomba walioko Zanzibar: ile sabuni ya mwani ya kina mama wa Paje, kuna mwenye vipele vya ndevu aliyeitumia usoni? Ilimkausha au la?