Mafundi friji, hii "gesi imeisha" yenu mtaacha lini?

Wakuu habari za humu, leo nimekuja na hasira zangu, kama kuna neno kali mtanivumilia.

Hivi nani aliwadanganya mafundi wetu kwamba kila friza lisilogandisha limeishiwa gesi? Umwite wa Tandika umwite wa Mbagala jibu ni hilo hilo. Hajafunga hata geji ya kupimia presha ya gesi, hajauliza umeme wa kwako ukoje, anapapasa ubavuni anaguna, "dada hapa gesi imeisha". Imeishaje wakati mabomba yote yamechomelewa? Gesi ya friza siyo petroli ya bodaboda kwamba inaungua halafu tunajaza tena, inazunguka mle mle miaka na miaka, ikipungua ujue kuna mahali panavuja. Sasa ukinijazia bila kutafuta panapovuja umenitengenezea nini, si umeniuzia hewa tu?

Mi nauza samaki na barafu za ubuyu, friza langu ni lile la kulala la mfuniko wa juu. Likaanza kugandisha chini tu, juu samaki wanalegea. Fundi kaja, kakata bomba, kajaza, kachukua laki na kitu kasepa. Likashika vizuri, nikafurahi, mara likarudi vile vile na sasa kompresa, ile mashine ya nyuma inayosukuma gesi, inachemka huwezi kuigusa. Nampigia hapokei, akipokea yuko Bagamoyo. Nikamwita mzee mmoja mtaa wa pili, akainama nyuma akamulika na tochi ya simu akaniita nione mwenyewe. Kwenye kompresa kuna stika ya aina ya gesi imeandikwa R600a na kale kapembetatu ka njano kenye alama ya moto. Yule jamaa kanijazia R134a, gesi nyingine kabisa, kisa ndo mtungi aliokuwa nao!! Yaani kusoma stika tu kumemshinda. Mzee akapaka povu la sabuni kwenye viungio, kimoja kikaanza kutoa mapovu taratibu, hicho ndo kilikuwa kinavuja tangu mwanzo, na chenyewe hakijaguswa.

Na hiyo R600a ni isobutane, inashika moto kama ya jikoni, kwa hiyo mtu anayewasha mtungi wa kuchomelea wakati gesi bado iko bombani na dirisha limefungwa anacheza na roho za watu. Inatakiwa ipimwe kwa mzani, friza la nyumbani kwa kawaida halivuki gramu 150, siyo unakadiria kwa jicho. Tena kila mfumo ukifunguliwa filta ya kunyonya unyevu inabadilishwa na hewa inavutwa yote kwa pampu kabla ya kujaza, maana unyevu ukibaki unagandia kwenye kale kabomba kembamba na friza linaziba. Wangu alikuja na koleo na mtungi, basi. Pampu hata harufu yake hakuna.

Jirani yangu yeye kaambiwa kompresa imekufa anunue mpya. Friza lilikuwa linalia ta, linanyamaza, baada ya muda ta tena. Mzee yule yule akachomoa relei, kile kidude cha plastiki kinachobanwa ubavuni mwa kompresa, akakitikisa sikioni kikalia kachakacha, ndani kimeshavunjika. Kikawekwa kingine likawaka. Kompresa nzima ilikuwa inaenda kutupwa, au tuseme ukweli, ilikuwa inaenda kuuzwa kwa mwingine.

Kwa hiyo kabla hujampigia mtu angalia mwenyewe. Bana noti kwenye mfuniko uivute, ikitoka kirahisi raba imechoka, hewa ya joto inaingia na ndo maana barafu inajaa ukutani. Zima friza uiache hiyo barafu iyeyuke, usichokonoe na kisu, nyuma yake kuna bomba laini la alumini na hapo ndo gesi itaisha kweli. Lisogeze mbali na ukuta lipumue, na ubavu wa friza la kulala kupata joto ni kawaida, lile joto la ndani linatokea hapo hapo, usikubali mtu akwambie ndo ugonjwa. Umeme ukiwa mdogo jioni kompresa inashindwa kuanza, funga frijigadi, ile inayokata umeme ukiwa mdogo na kuuchelewesha dakika kadhaa ukikatika na kurudi.

Fundi akisema gesi imeisha muulize inavujia wapi. Akianza kung'aka mfungulie geti.

Sasa wadau, kuna aliyewahi kurudishiwa hela na fundi wa namna hii? Ulipitia serikali ya mtaa au ulimkaba vipi? Nataka changu, samaki waliooza sijawahesabu hata.