Naomba ushauri: baiskeli ya mota yenye nguvu zaidi ya kwendea kazini

Habari zenu wakuu. Baiskeli yangu nimeifunga mota ya wati 250 gurudumu la mbele, betri ya volti 36. Kwenye tambarare haina shida. Ila kazini ni kilomita 14 na katikati kuna mlima mrefu. Hapo mota inachemka hadi haigusiki, nami nabaki kukanyaga pedali kwa nguvu zangu zote.

Nataka kuijenga upya: mota ya wati 1000 gurudumu la nyuma, betri ya volti 48 yenye ampea-saa 15, kontrola (kifaa kinachodhibiti umeme unaokwenda kwenye mota) ya ampea 25. Kwa hesabu hiyo betri itatoa hadi wati 1200 mlimani, mradi saketi yake ya ulinzi iruhusu ampea hizo mfululizo.

Kinachoninyima usingizi ni fremu, maana ni ya alumini. Mota kubwa ikivuta, ekseli nayo hutaka kuzunguka. Ikishinda nati inapanua tundu la fremu linaloishika, inakata nyaya, na gurudumu linaweza kuchomoka ukiwa barabarani. Je, vyuma vya kuzuia ekseli pande zote mbili vinatosha, au nitafute kabisa fremu ya chuma?

Breki za diski nitaweka kwanza, hilo sina mjadala nalo.

Halafu kuna mota ya katikati, inayopitisha nguvu kwenye gia za baiskeli. Kwa mlima naona ina faida kubwa, ila mnyororo utalika haraka. Aliyezitumia zote mbili kila siku, naomba aniambie angechagua ipi.